Samaki wa Ridhaa

Kulikuwa na nchi moja ambayo jina lake sheria inakataza kulitamka mtu akiwa ameketi, na kwa kuwa mimi siwezi kuandika nimesimama, itabidi tuiache hivyo hivyo bila jina. Ilikuwa nchi nzuri tu. Ilikuwa na ziwa, ilikuwa na amani, na ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mlezi Mkuu, ambaye wananchi walimpenda kila Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi, katika viwanja vilivyotangazwa.

Siku moja Mlezi Mkuu alirudi kutoka ziara ya ng'ambo akiwa amenuna. Huko alikokwenda wenyeji wake walimtembeza katika jumba moja kando ya maji, jumba la kuwaenzi watu wa asili wa nchi ile: ngoma zao, vyungu vyao, na nyimbo zao zikitoka ukutani zenyewe. Mlezi Mkuu alipiga picha, akala, akashukuru, lakini kwenye ndege hakupata usingizi. Aliliita Baraza la Mawaziri pale pale uwanjani, hata kabla ya zulia kukunjwa.

"Nataka kujua," alisema, "sisi watu wa asili tunao au hatunao?"

Mawaziri walitazamana. Waziri wa Biashara alisema wakihitajika wanaweza kuagizwa. Waziri wa Ulinzi alisema kama wapo, hawatafika mbali. Ndipo Waziri wa Utamaduni na Fukwe, Mheshimiwa Mtesigwa, mtu mnene mwenye sauti ya kengele ya shule, alipowakumbuka Walindu.

Walindu walikuwapo tangu ziwa lilipokuwapo. Serikali iliwafahamu vizuri, maana ilikwisha kuwahamisha mara kadhaa: kwanza kwa ajili ya afya zao, kwa kuwa majini kuna mbu, halafu kwa ajili ya viboko, kwa kuwa viboko nao wana haki ya kutulia, kisha kupisha hoteli, kwa kuwa hoteli haiwezi kukaa kilimani ikapendeza. Kila walipohamishwa waliachiwa bango la kuwashukuru kwa moyo wao wa uzalendo. Sasa waliishi juu ya kilima kikavu, na walibakiwa na kipande kimoja tu cha ufuko, Iluga, ambacho kilikuwa na mawe mengi mno kwa hoteli.

Hapo Iluga ndipo walipoegesha mitumbwi na kuteka maji. Na hapo ndipo kila mtoto mchanga wa Kilindu aliposhushwa na mabibi zake, kabla hajasimama kwa miguu yake mwenyewe, akachovywa nyayo ziwani na kutajwa jina kwa sauti, ili ziwa limjue na siku moja lisije likamchukua kwa kumdhania mgeni.

"Safi kabisa," alisema Mlezi Mkuu. "Wajengewe jumba. Kando ya maji."

Wataalamu walipima ufuko wote wa nchi wakitafuta mahali pa wazi. Walikuta hoteli ya waziri, hoteli ya mke wa waziri, klabu ya Jeshi la Maji, na uwanja wa gofu ambao mashimo yake yalikuwa bado yanafikiriwa. Mahali pekee pasipokuwa na mwenyewe palikuwa Iluga, kwa sababu palikuwa na watu tu.

*

Kazi ya kuchora alipewa Leonsi Kalimanzila. Leonsi alikuwa msanifu majengo wa Wizara, mtu wa makamo, mpole, mwenye mkono mzuri wa kuchora, ambaye kwa utumishi wake wote alikuwa amechora vyoo. Vilikuwa vyoo vya umma vya kusifika, vyenye hewa na mwanga, lakini hakuna mtu anayesimama mbele ya choo akauliza nani alikichora. Wizarani walimjua kwa ukoo wa baba yake, ukoo wa mjini, na mwenyewe hakuwahi kuona haja ya kuongeza kwamba marehemu mama yake alikuwa Mlindu. Hakuficha. Hakuulizwa tu, naye alishukuru kutoulizwa.

Siku Waziri Mtesigwa alipogundua, alimkumbatia mbele ya wahudumu wa chai.

"Kalimanzila! Kumbe una asili, na unakaa nayo kimya!"

"Ni ya upande wa mama, Mheshimiwa."

"Hiyo ndiyo bora. Ya upande wa mama haina ubishi."

Kuanzia hapo akaitwa Msanifu Mwenye Asili, akahamishiwa chumba chenye dirisha, na kwa mara ya kwanza maishani watu walimwomba awasemee neno moja la lugha ya kwao. Leonsi aliona haya kidogo, lakini ilikuwa haya tamu, ya mtu aliyepewa kiti ambacho si chake na kukikuta kina joto.

Na tusimwonee: michoro yake ya kwanza ilikuwa mizuri. Alichora mabanda marefu, ya chini, ya mawe ya pale pale Iluga, yamekaa pembeni yakiacha njia pana katikati hadi majini. Mitumbwi ipite, ndoo zipite, watoto wachanga wapite. Alipokuwa akiichora njia ile alikumbuka harufu ya matope na mkono wa mama yake mdogo, Nyanjige, ukimshika kisigino. Hakika hakuweza kukumbuka, alikuwa na wiki chache tu siku ile. Lakini alikuwa amesimuliwa mara nyingi mpaka kisigino chenyewe kikakumbuka.

Waziri aliitazama michoro kwa kuigeuza juu chini.

"Nzuri. Sasa jengo liko wapi?"

"Hayo mabanda, Mheshimiwa."

"Hapana, hayo ni mabanda. Mlezi Mkuu anataka jumba." Akachukua kalamu nyekundu. Njia ya kwenda majini aliifuta akaweka ukuta wa kioo kutoka upande hadi upande, ili ziwa lionekane bila kumlowesha mtu. Mbele akaweka lango, na mbele ya lango, lango la kukagulia wanaoelekea langoni. Juu ya vyote akataka paa lenye umbo la mtumbwi uliopinduliwa. "Hapo ndipo utamaduni ulipo!" alisema.

Kwa Walindu, mtumbwi hupinduliwa mlangoni kwa mtu siku anapokufa. Leonsi alifungua kinywa aseme hivyo. Ndipo alipoona kwamba Waziri, chini kabisa ya mchoro, mahali pa jiwe la msingi, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: L. KALIMANZILA. Akakifunga kinywa polepole. Nafsi ilimsuta, lakini ilimsuta kwa sauti ndogo, kama jirani anayegonga ukuta, naye akajifanya hajasikia.

*

Sheria ya nchi ile ilikuwa kali sana kuhusu ushirikishwaji wa wananchi. Hakuna mradi ulioruhusiwa kuanza kabla wananchi hawajaambiwa kwamba wameshirikishwa. Kwa hiyo msafara ukapanda kilimani kwa Walindu, na mahema, na vipaza sauti, na fulana zenye maandishi TUMEKUBALI KWA KAULI MOJA, ambazo ziligawiwa mapema ili kuokoa muda.

Waziri alihutubia tangu asubuhi hadi jua likaanza kuinama. Alisema utamaduni ni mzizi, ni shina, ni tawi, ni jani, na alipomaliza mti wote akahamia kwenye samaki. Alisema utamaduni usiohifadhiwa huoza, na kwamba Serikali ndiyo jokofu. Walindu walimsikiliza kwa utulivu wakiwa wamezishika zile fulana mapajani.

"Sasa nawauliza," alimaliza, jasho likimtiririka, "mnasemaje?"

Akasimama Nyanjige, mama mdogo wa Leonsi, mwanamke mfupi mwenye kanga iliyofungwa kikazi, akasema tu, "Mgeni hasemeshwi na njaa. Wageni wale kwanza."

Hapa inabidi nieleze jambo moja, maana ndilo lililobeba yote. Mlindu hamwambii mgeni hapana kwa mdomo. Kwao huko ni sawa na kumtemea mate sahanini. Mgeni akileta ombi, wenyeji wanateta kidogo jikoni, kisha wanampikia sato. Ombi likikubaliwa, sato huja na kichwa chake, macho yakimtazama mgeni. Likikataliwa, sato huja bila kichwa. Mgeni anakula, anashiba, anasifia mchuzi, na heshima inabaki mahali pake. Kichwa kilichokatwa nacho hakitupwi. Kinafungwa kwenye jani la mgomba na kupewa mtu mmoja mwenye damu ya pande zote mbili, ambaye anamsindikiza mgeni hadi nje ya boma, na huko, peke yao, anamwambia waziwazi: ndugu yangu, wenyeji wamekataa. Akishalisema neno ndipo anaruhusiwa kukila kile kichwa. Kabla ya hapo atatembea nacho, hata kikioza.

Wanawake walitoka jikoni na masinia. Samaki walikuwa wakubwa, wamekaangwa wakawa rangi ya udongo, wameungwa kwa nyanya na pilipili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

"Ohoo!" Waziri alipiga kelele kwa furaha. Alikuwa mtu aliyeogopa kutazamwa na chakula. "Mmeona upendo huu? Wametutolea hata vichwa! Watu hawana chochote, lakini wametupa nyama tupu!" Akala hadi vifungo vikalalamika. Maofisa nao wakala. Katibu mmoja alilia machozi, nadhani ni pilipili.

Leonsi aliitazama sahani yake, mahali pale palipokatwa, pakiwa sawasawa kabisa. Hakukuwa na haja ya kutafsiriwa. Alikula kidogo, na kila tonge lilishuka na maneno yake.

Walipokuwa wakinawa, Nyanjige alimjia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Vyoo vinalipa." Akamwekea mkononi furushi la jani la mgomba, bado lina joto. "Wewe ni wa huku na wa kule. Hatukuwa na mtu wa kwenda kwa Serikali miaka yote hii, ndiyo maana tulikuwa tunahamishwa kama kuku. Safari hii Mungu katupa wewe. Wasindikize wageni."

Kijiji kizima kilikuwa kikimtazama. Leonsi aliinamisha kichwa kukubali, na kila mtu akamwona akikubali.

*

Gari la Waziri lilikuwa na viyoyozi vinne na vyote vilikuwa vinafanya kazi. Leonsi alikaa nyuma na furushi lake magotini. Boma la mwisho lilikuwa limeshapita. Hapo ndipo mahali penyewe.

"Kalimanzila," Waziri alisema akichokonoa meno, "wewe unawajua hawa. Wamesemaje hasa?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Leonsi alikuwa nalo mdomoni, limekaa juu ya ulimi kama punje ya mchanga. Lakini aliyaona pia mabanda yake, ambayo hayakuwa tena mabanda, na paa lile la aibu, na chini yake jiwe, na juu ya jiwe jina. Alifikiri: nikisema, jengo litafutwa, nami nitarudi vyooni. Alifikiri tena: nikisema, watampa mwingine asiye na asili, naye atajenga vibaya zaidi. Hilo la pili lilimpendeza, kwa sababu lilifanana na huruma.

"Wamefurahi, Mheshimiwa."

"Nilijua! Kwa samaki wale, wangeshindwaje kufurahi?" Kisha Waziri akakunja pua. "Lakini humu ndani kunanuka nini?"

"Ni... ni chakula kidogo nilichofungiwa."

"Kitupe, bwana, kitaharibu viti."

Walikuwa wakivuka daraja. Leonsi alishusha kioo, akatoa mkono, akaachia. Hakusikia hata kikianguka. Alibaki akiyapangusa mafuta ya jani kwenye suruali yake, akapangusa, akapangusa, na doa likawa linapanuka tu.

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba Walindu wameridhia mradi kwa kauli moja na kwa samaki. Wataalamu wa Wizara walipenda sana namna hiyo, kwani kura huleta vurugu, na wakapendekeza kuanzia hapo ridhaa zote za nchi zipimwe kwa kitoweo. Sato asiye na kichwa akapewa jina rasmi: Samaki wa Ridhaa.

*

Iluga ilizungushiwa mabati. Mitumbwi iliondolewa kwa heshima zote na kupelekwa kupakwa vanishi, ili iwe vielelezo. Wanawake wa Kilindu wakaanza kuteka maji kwa kuzunguka klabu ya Jeshi la Maji, ambako walipigiwa filimbi.

Hawakuandamana. Waliona ajabu tu. Kwa desturi yao, mgeni aliyeambiwa amekataliwa ama huacha, ama hurudi na samaki wake mwenyewe kuomba upya. Huyu hakuacha na hakurudi. Basi siku moja Nyanjige alishuka mjini kumtafuta mbeba kichwa.

Mapokezi walimvisha kitambulisho cha mgeni.

"Shida yako nini, mama?"

"Shida yangu ndiyo hiyo inakuja," alisema, akimwonyesha Leonsi anayeshuka ngazi mbio.

Leonsi alimkaribisha kwenye chumba chenye dirisha, akamwagizia soda. Nyanjige hakuigusa. Alikuwa amembeba mgongoni mjukuu wake mpya, Nyangeta, mtoto wa binti yake, mwenye mashavu kama maandazi.

"Huyu hajaliona ziwa," alisema. "Miezi inakwenda, na mabati yako pale. Akisimama kwa miguu yake kabla hajatajwa, basi tena. Wewe unajua."

"Najua, mama mdogo."

"Mimi mwenyewe nilikushika kisigino. Ulipiga mateke, ukaniloanisha mpaka kifuani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, na ukinijibu nitaondoka. Kile kichwa, ulikila?"

Ukisikia Mlindu anauliza hivyo, hajauliza habari za chakula. Anauliza kama neno limefika. Leonsi alitazama dirisha. Kulikuwa na njia hata hapo. Angesema hapana, nilikitupa, na yule mwanamke angepiga kelele Wizara nzima isikie, na kilima kizima kingeshuka, na huenda mabati yangeng'oka. Lakini angesemaje, mbele ya macho yale, kwamba alikitupa darajani kwa sababu ya viti?

"Nilikila," alisema.

Nyanjige alimtazama mdomoni kwa muda mrefu.

"Kumbe wamesikia." Mabega yake yakashuka. "Wamesikia, na wanajenga. Basi mwanangu, hatuna la zaidi. Mtu aliyesikia hapana akaendelea, utamwambia nini tena? Nitawaambia watu wasisumbuke."

Akainuka, akamfunga mtoto vizuri, akaenda zake. Leonsi alibaki na ile soda. Hapo ndipo aibu ilipomshika barabara. Uongo wa kwanza ulikuwa umeiziba Serikali masikio; huu wa pili ulikuwa umewafunga Walindu midomo, na wote ulitoka kwenye kinywa kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na Leonsi alijua kwamba nguo ni ya mama yake mdogo na mdudu ni yeye.

Kujitibu, alichora dimbwi. Aliliweka ndani ya jumba, karibu na ukuta wa kioo: dimbwi la vigae vya buluu, lenye maji ya bomba na taa chini, ambamo watoto wachanga wa Kilindu wangeweza kuchovywa nyayo siku za kazi, kwa utaratibu. Waziri alilipenda mno, akaliita Ziwa Dogo la Kumbukumbu. Leonsi alipelekewa pongezi na idara nzima. Alizipokea akiwa amesimama, na kila aliyempa mkono alihisi kiganja chake kimelowa.

*

Siku ya ufunguzi nchi nzima ilipewa mapumziko ya lazima. Jumba lilikuwa linang'aa. Paa lake la mtumbwi uliopinduliwa lilionekana hadi kilimani, na inasemekana bibi mmoja wa huko, alipoliona, aliuliza nani amekufa.

Walindu waliletwa kwa malori na kupitishwa malango yote mawili. Wanaume waliwekwa jukwaani kuwa utamaduni. Wanawake waliwekwa jikoni, kwa kuwa chakula rasmi cha siku kilikuwa Samaki wa Ridhaa, na Wizara ilitaka wapishi wenye asili.

Mlezi Mkuu alihutubia. Alisema yeye binafsi amewarudisha Walindu ziwani. Alisema kuanzia leo Mlindu yeyote, hata maskini wa mwisho, ataweza kuliona ziwa kwa macho yake kupitia kioo cha hali ya juu, bila hatari yoyote ya kulifikia. Watu wakapiga makofi, na ambao hawakupiga walipigiwa na majirani.

Kisha masinia yakatoka. Wanawake wa Kilindu walipita meza baada ya meza, nyuso zimetulia, wakiweka mbele ya kila balozi, kila jenerali na kila mke wa jenerali sato mmoja aliyekatwa kichwa. Ukumbi wote ulikuwa unakataliwa, sahani kwa sahani, na ukumbi wote ulikuwa unalamba vidole.

Nyanjige mwenyewe alihudumia meza kuu. Alimwekea Mlezi Mkuu, akamwekea Waziri. Alipofika kwa Msanifu Mwenye Asili, aliweka sahani yenye kichwa kitupu cha sato, kimelala juu ya jani la mgomba, jicho juu.

Mama mdogo alikuwa amejua. Tangu siku ile ya soda alikuwa amejua.

"Wewe kijana," Mlezi Mkuu alisema mdomo ukiwa umejaa, "mbona wewe umepewa kichwa, na mimi niliye kichwa cha nchi nimepewa mkia?"

Meza ilicheka. Kisha ikaacha kucheka, ikitaka kujua kama lilikuwa swali. Waziri Mtesigwa alianza, "Mtukufu, ni heshima, wakubwa wanaondolewa usumbufu wa..."

Leonsi alisimama. Magoti yake hayakuomba ruhusa yake.

"Mtukufu Mlezi, hawa watu wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Jumba hili. Walikataa siku ile ile. Samaki asiye na kichwa, kwao, ni hapana. Kila sahani iliyo humu ni hapana. Mimi walinipa neno nilete, na kichwa ndicho ushahidi, nami nikakitupa darajani. Wao nikawaambia nimelifikisha. Nimesema uongo huku na nimesema uongo kule. Iluga ndiko wanakowataja watoto wao. Hawana pengine."

Walinzi walisogea hatua. Jukwaani wanaume wa Kilindu walikuwa wameshusha ngoma. Nyanjige alisimama na sinia tupu kifuani, na kwa kitambo kidogo, kidogo sana, uso wake ulikuwa na matumaini. Leonsi aliuona. Afadhali asingeuona.

Mlezi Mkuu alimtazama samaki wake. Akawatazama samaki wa meza zote. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha kitambi, kisha meza.

"Hii?" alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hii ndiyo hapana? Miaka yote nimekuwa nikiiogopa hapana ya wananchi, kumbe ni tamu hivi!" Akasukuma sahani mbele. "Niongezeeni!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Waziri Mtesigwa aliruka juu. "Na mimi naomba hapana moja, ya mchuzi!" Jenerali akataka hapana ya kukaanga. Mabalozi, wasije wakaonekana hawaheshimu mila, nao wakagonga sahani kwa uma: "Hapana! Hapana! Hapana!" Nchi ile haikuwa imewahi kulisikia neno lile likisemwa hadharani na watu wengi kwa pamoja, na waliokuwapo wanasema ilikuwa siku ya furaha kubwa. Leonsi hakukamatwa. Alitunukiwa nishani pale pale, kwa utafiti.

Alitoka na sahani yake hadi kwenye dimbwi la vigae, nishani ikimning'inia. Nyanjige alikuwa amekaa ukingoni, akisubiri masinia yarudi.

"Nimelisema, mama mdogo."

"Nimesikia."

"Nilichelewa."

"Umelifikisha, mwanangu. Limefika limepoa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko kofi. Alikitazama kichwa cha samaki. "Haya, kula sasa. Ni haki yako."

Leonsi alikula akiwa amesimama, mashavu, ulimi na macho, huku akilia waziwazi kama mtu anayekula msibani. Kilikuwa kimepikwa vizuri sana.

Aliponyanyua uso alimwona mtoto. Mabibi walikuwa na kazi jikoni, na Nyangeta alikuwa ameachwa kwenye mkeka. Alikuwa ametambaa kulipita dimbwi bila hata kuligeukia, akafika kwenye ukuta wa kioo, akaweka viganja, akajiinua. Alisimama. Miguu ilitetemeka kidogo, kisha ikakaa imara. Upande wa pili ziwa lilikuwa pale pale, hatua chache tu, likipiga mawe ya Iluga, na mtoto akalipigia kioo kwa viganja vyote viwili akitaka kufunguliwa.

Leonsi alijua kioo kile hakina mahali pa kufungukia, kwa sababu alikichagua mwenyewe.